Gari Lililala Limeangalia Wapi?

Maneno niliyowaambia vijana wa mwaka wa mwisho wa ufundi magari, pamoja na madereva na wenye magari walioalikwa, hapa Njombe. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Nilipokatizwa kwa maswali, nimeyaacha maswali humo humo.

Kamwene!

Mmeitikia kwa sauti ya watu waliokwisha kunywa chai. Mkuu wa chuo, walimu, wazazi, madereva mlioacha vijiwe vyenu asubuhi hii, na ninyi vijana wenye ovaroli ambazo bado hazijaijua oili: itifaki imezingatiwa.

Mliopita getini mmeliona lile pikapu la bluu. Mlinzi alilalamika jana jioni nilipoliegesha pale kwenye mteremko, pua juu, mkia bondeni. Nilimwomba aliache hivyo hivyo mpaka leo, na mtu asiliguse. Tutalirudia.

Nimeombwa niseme juu ya injini za dizeli. Hiyo ni bahari, nami nimechota kikombe kimoja. Ni gari la dizeli la zamani, tuseme Toyota Hilux ya miaka ya 90 yenye injini iitwayo 3L, na hilo ni jina lake, sio lita. Mchana kutwa linawaka ukigusa tu ufunguo. Asubuhi unapiga stata mpaka majirani wanafungua madirisha. Pengine linawaka, linanguruma sekunde tano, linazima, halafu ndiyo linagoma kabisa. Unapiga, unapiga, betri inaanza kuchoka, ghafla linakohoa, linamisi, linatoa wingu la moshi, linatulia. Baada ya hapo hakuna neno mpaka kesho.

Hapa kwetu jibu liko tayari: baridi. Tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, asubuhi za Juni na Julai pumzi ya mtu inaonekana, basi kila kitu kinasingiziwa baridi. Mwenye gari anaambiwa hita plagi, zile zinazopasha moto silinda kabla ya kuwasha, zimekufa. Ananunua nne. Kesho yake bado. Anaambiwa betri, kisha stata, kisha nozeli, zile zinazonyunyiza dizeli ndani ya silinda, zipelekwe kupimwa. Mwisho anaambiwa lile neno ambalo mwenye dizeli hapendi kulisikia: pampu. Na mara nyingi sana vyote hivyo vilikuwa vizima.

Sasa niulize. Nani hapa hajawahi kunyonya mafuta kwa mpira? Mkono mmoja tu, tena wa mwalimu wa hesabu. Wengine wote mnaijua ile ladha, inakaa mdomoni siku mbili. Basi kumbukeni. Unatumbukiza mpira kwenye dumu, unanyonya, dizeli inapanda. Ukiziba ncha ya juu kwa kidole, dizeli inabaki humo mpirani imening'inia. Haishuki, kwa sababu hakuna hewa inayoingia juu yake kuchukua nafasi yake. Legeza kidole kidogo, kidogo sana, kiasi kwamba wewe mwenyewe huna hakika kama umelegeza. Ukitazama dakika moja huoni kitu. Nenda kale ugali, urudi. Mpira mtupu.

Hilux ile ndivyo ilivyo. Tenki liko nyuma, chini ya bodi. Pampu iko mbele, na iko juu kuliko tenki. Tenkini hakuna pampu ya umeme ya kuyasukuma mafuta. Ndani ya pampu ya dizeli, hii tunayoiita rotari, ya muundo wa Bosch VE ambao Denso wa Japani waliutengeneza kwa leseni, mna kipampu kidogo cha mapezi. Hicho ndicho kinachovuta mafuta kutoka tenki, yanapita bomba la shasi, yanapita filta, mpaka mbele. Ukizima injini, mafuta yote yaliyo njiani yanabaki yamening'inia kama yale ya mpirani. Na kidole kinachoyashikilia ni kila oringi, ile pete ya mpira ya kuzibia, kila wosha, kila klipu iliyoko katika safari hiyo. Kimoja kikilegea, usiku kucha mafuta yanarudi tenki polepole, na asubuhi pampu inaamka na hewa tumboni.

Hewa tumboni ina ubaya gani? Nozeli ya 3L inataka presha ya zaidi ya kilo 100 kwa sentimita ya mraba ndipo ifunguke. Dizeli haikubali kubanwa, ukiisukuma inasukuma. Hewa inabonyea kama godoro. Pampu inasukuma, hewa inabonyea, nozeli haina habari. Na stata yenyewe inazungusha injini kama mara 200 kwa dakika, pampu ikizunguka nusu ya hapo. Kwa mwendo huo wa konokono kile kipampu cha mapezi kinatakiwa kivute hewa yote iliyoko njiani kwanza, ndipo kifike kwenye mafuta. Ndiyo maana ya stata ile ndefu.

Hapa ndipo wengi tunapotea, na mimi nilipotea miaka. Mteja akisema mafuta yanarudi, tunaingia chini ya gari kutafuta palipolowa. Hatuoni. Tunatoka tukisema njia ya mafuta iko salama. Lakini upande ule wote, kuanzia tenki mpaka kwenye pampu, ni upande wa kuvuta. Injini ikifanya kazi, presha ndani ya bomba ni ndogo kuliko ya nje. Penye tundu, dizeli haitoki, hewa ndiyo inayoingia. Bomba linaweza kuwa na tundu na likawa kavu, tena na vumbi lake safi juu. Kavu haimaanishi zima. Mnaoandika, andikeni hiyo.

Sasa niwape kisa cha mfanyabiashara mmoja wa viazi. Jina tuliache. Gari lake, Hilux ya namna hii hii, lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi watatu. Alikuja kwangu na mfuko wa spea za zamani kama mtu anayebeba vyeti vya hospitali: hita plagi nne, brashi za stata, ncha za nozeli, filta mbili. Betri ilikuwa mpya. Fundi wa mwisho alikuwa amemwambia ashushe pampu, na yule mzee alikuja kuuliza tu kama nami nasema hivyo hivyo.

Alikuja na mke wake. Mimi nikamhoji mzee: linagoma saa ngapi, moshi wa rangi gani, lilianza lini. Anajibu vizuri, lakini majibu yake ni yale yale ya kila mtu. Mama amekaa pale kwenye tairi, anamenya muwa. Akasema, bila hata kunitazama, "Mbona likilala kwa shemeji linawaka?"

Mzee akamwambia hayo ni mambo ya bahati. Nikamwomba mama aendelee. Akaeleza. Jumamosi huwa wanalala kwa shemeji yao ili wawahi gulio, na Jumapili asubuhi gari halijawahi kugoma hata mara moja. Nikauliza uwanja wa shemeji ukoje. Unashuka. Gari linaingia limeelekeza pua bondeni. Na nyumbani kwenu? Nyumbani ni kilimani, tunaegesha pua juu.

Vijana, ugonjwa ulikuwa umeshapatikana, na hatujafungua boneti. Pua ikiwa bondeni, tenki linakuwa juu ya pampu au karibu sawa nayo, na mafuta hayana pa kurudi. Pua ikiwa mlimani, tenki linakuwa chini zaidi, nguzo ya mafuta inayoning'inia inakuwa ndefu na nzito, na tundu dogo linatosha kuiangusha. Hita plagi haijui gari limeangalia wapi. Betri haijui. Kompresheni haijui. Mafuta yanayorudi yanajua.

Swali langu la kwanza kwa mteja tangu siku ile ni hilo: gari lililala limeangalia wapi? Kama hajui, mtume akaliegeshe usiku mmoja pua juu na usiku wa pili pua chini, aje aniambie. Ni kipimo cha bure. Kuna ndugu yake pia: tenki lilikuwa na mafuta kiasi gani? Ikiwa linagoma likiwa na robo na kuwaka likiwa limejaa, shuku njia ya mafuta, hasa lile bomba la kuvutia lililo ndani ya tenki lenyewe. Likitoboka kwa kutu katikati, tenki likijaa tundu linazama na halina madhara. Mafuta yakishuka chini ya tundu, bomba linaanza kunyonya hewa.

Swali kutoka nyuma, naona mkono. "Fundi, utatofautishaje na hita plagi kama gari halina mteremko wa kulala?" Swali zuri, nilikuwa nalielekea. Mtu mmoja apige stata, wewe simama nyuma utazame ekzosi. Hita plagi zikiwa zimekufa, mafuta yanafika ndani ya silinda, yananyunyizwa vizuri, ila hayaungui. Utaona moshi mweupe, mzito, unanuka dizeli mbichi na kuchoma macho. Mafuta yakiwa yamerudi tenki, unapiga stata na ekzosi imenyamaza. Hakuna moshi. Hakuna harufu. Injini inazunguka kama cherehani isiyo na uzi. Moshi unaanza pale linapokaribia kuwaka, kwa sababu hapo ndipo mafuta yamefika. Kwa hiyo ukiona stata ndefu isiyo na moshi, hujafika bado kwenye habari za hita. Anza na mafuta.

Ila kabla ya kusema mafuta yamerudi, hakikisha umeme wa kuyakatia mafuta unafanya kazi. Ile koili juu ya pampu, ukiwasha swichi inalia "ta". Isipolia, pampu imefungwa mlango, na utatafuta hewa mpaka jua lizame. Na likigoma likiwa la moto, ukalimwagia pampu maji ya baridi likawaka, huo ni ugonjwa mwingine: pampu imelika kichwani, dizeli ya moto imekuwa nyepesi inapenya. Hapo kweli pampu ishuke.

Tuendelee. Juu ya nyumba ya filta mna pampu ya mkono, ile ya kutolea upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye njia ya mafuta. Wengi wenu mnaijua siku ya kubadili filta tu. Asubuhi, kabla ya kugusa ufunguo, ibonyeze. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza au ya pili, mafuta yapo. Ikiwa laini, inabonyea bure mara kumi, kumi na tano, ndipo inaanza kukaza, na baada ya hapo gari linawaka kama mchana, umethibitisha. Wala hujatumia hata shilingi. Nawaomba madereva mlioko hapa mjifunze hili, kwa sababu fundi analiona gari saa nne, limeshawaka, limeshapata moto, na ugonjwa umejificha. Ugonjwa wa usiku anaujua aliyeamka nalo.

Umejua mafuta yanarudi. Yanarudia wapi? Hapa pana kazi, na hapa mtu mwenye haraka anaanza kubadili vitu kwa kubahatisha. Mimi natumia dumu. Dumu la lita tano, dizeli safi, mipira miwili mizima na klipu zake. Chomoa mpira unaoingia kwenye pampu na ule unaotoka kurudi tenki, unganisha yako, ncha zote mbili zizame ndani ya dumu. Tenki, bomba na filta vyote vimewekwa kando. Sasa dumu liweke chini sakafuni, pembeni mwa gurudumu la mbele, sio juu. Wengi wanalitundika juu ya boneti, gari linawaka, wanashangilia. Lazima liwake! Dumu liko juu, mafuta yanashuka yenyewe, hata pampu ingekuwa na tundu. Liweke chini ili pampu ilazimike kuvuta kama inavyovuta siku zote, liache lilale hivyo.

Asubuhi likiwaka mara moja, pampu ni nzima, na wewe umemwokolea mtu pesa nyingi. Tatizo liko nyuma yake. Rudisha filta, sasa dumu lilishe kupitia filta, lilale tena. Likigoma, ni filta na viungo vyake. Likiwaka, ni bomba la shasi au tenki. Ndiyo, ni usiku mbili tatu. Mteja atanung'unika. Mwambie ugonjwa unaotokea usiku unapimwa usiku. Na kama likigoma siku ile ya kwanza kabisa, dumu likiwa sakafuni, basi ndipo unalitundika juu. Kwa nini? Kwa sababu mafuta yakiwa juu presha inageuka, na palipokuwa panaingiza hewa panaanza kutoa dizeli. Pampu itakulowea mbele ya macho yako: shina la mkono wa gesi, mfuniko wa juu, au sili ya mbele.

Mpira wa kuingilia pampu ukiwa wa plastiki angavu wakati wa majaribio, ni vizuri zaidi. Unaona mapovu yakipita. Povu moja dogo baada ya kuwaka halinitishi. Mkufu wa mapovu usiokatika, huo ni ushahidi.

Sasa sehemu zenyewe. Nikianza na filta, chini yake mna kizibo cha kutolea maji na kihisio cha maji, kila kimoja na oringi yake. Watu wanabadili filta, oringi ile hawaigusi miaka kumi. Inakauka, inakuwa kama plastiki. Pampu ya mkono yenyewe ina valvu mbili ndogo na mpira ndani, vinachoka. Mipira ya mafuta inaonekana mizima kwa nje, ikunje kwa vidole uone nyufa zake ndogo ndogo kama kisigino cha mkulima. Klipu iliyokazwa kupita kiasi inakata mpira, na mwenye kuikaza anadhani amefanya vizuri. Upande wa kurudishia mafuta nao usiusahau: lile bomba linalopita juu ya nozeli zote lina wosha zake, na wosha ikishatumika ikarudishwa, haifungi tena sawasawa. Kwenye Mercedes na Volkswagen za zamani pale pana vipira vyembamba vya kitambaa, hivyo usivichunguze hata, badilisha tu.

Kuna boliti moja nataka mlishike kichwani. Pampu hizi za rotari, boliti ya njia ya kurudishia imeandikwa OUT juu yake, na ndani ina kitundu chembamba. Boliti ya kuingilia ina tundu pana. Kwa sura zinafanana kama mapacha. Fundi akizifungua pamoja akazirudisha kinyume, gari linakosa nguvu na kuwaka kunakuwa shida, na hakuna oringi duniani itakayoliponya.

Tulimwachia wapi mzee wa viazi? Dumu lilisema pampu nzima. Filta nzima. Tukabaki na bomba la shasi. Nikalichomoa mbele na nyuma, nikaziba ncha moja, ncha ya pili nikapuliza hewa kwa pampu ya baiskeli, kidogo tu. Msipulize kompresa ya tairi, mtapasua vitu, na tenki lisiwe limeunganishwa. Kijana wangu akapita na brashi ya povu la sabuni toka mbele mpaka nyuma. Hakuna. Nikasema rudia, na kila kibano kifungue. Karibu na gurudumu la nyuma, chini ya kibano kilichoshika bomba kwenye shasi, tope lilikuwa limekaa miaka. Alipokibandua, povu likapanda, likawa kama yai la kuku, likapasuka. Tundu lenyewe hatukuliona kwa macho mpaka tulipolipiga msasa. Ncha ya sindano ni kubwa kuliko lile.

Tulikata kipande kile, tukaweka mpira wa dizeli wa kweli, sio wa maji, na klipu mbili kila upande. Mpira wa urefu wa kiganja. Mzee alipouliza gharama nilipata aibu kumtajia, maana mfuko wake wa spea ulikuwa pale miguuni. Alilipa, kisha akampa mke wake chenji.

Nisije nikaonekana mjuzi sana, niwape na langu. Mwanzoni, nikiwa na gereji yangu ndogo, nililetewa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, silinda sita, ugonjwa ule ule. Nilishusha pampu. Ikapakiwa kwenye basi kwenda Dar es Salaam, ikafunguliwa, ikawekwa sili mpya, ikarudi. Nikaifunga, nikaweka taimingi, asubuhi gari likagoma vile vile. Mwenye gari hakusema neno, na hilo liliniuma kuliko angetukana. Siku ya tatu nikafungua filta, filta niliyoibadili mimi mwenyewe mwezi uliotangulia. Juu, kwenye kichwa cha filta, mpira wa filta ya zamani ulikuwa umeganda pale. Nilikuwa nimekaza filta mpya juu ya mpira wa zamani, mipira miwili imepandana, hewa inapita katikati. Ugonjwa nilikuwa nimeuweka mimi. Tangu hapo nikibandua filta nahesabu mpira kwa kidole, hata kama nauona kwa macho.

Swali: "Kwa nini magari haya yameanza kuugua hivi sasa, zamani hayakuwa hivi?" Kwanza, yamezeeka, na mpira unazeeka hata gari likikaa bandani. Lakini kuna jambo la pili. Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa ndogo, isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Ni jambo jema, mapafu yetu yanashukuru. Ila usafishaji unaoondoa salfa unapunguza pia vitu fulani vilivyomo kwenye dizeli ya zamani, na vitu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikivimbisha sili za mpira wa naitraili. Sili iliyokaa miaka imevimba, ikikosa kile kilichoivimbisha, inasinyaa, na kwa uzee haina mnyumbuko wa kujaza pengo. Marekani walipopunguza salfa mwaka 1993, pampu za zamani zilianza kuvuja hivyo hivyo. Sisemi kila oringi inayokufa Njombe imeuawa na salfa. Nasema ukinunua sili mpya, chagua zilizotengenezwa kwa dizeli ya sasa, usiokoteze oringi ya bomba la maji kwa sababu imekaa sawa.

Na hili la valvu ya njia moja, nimeulizwa na watatu wakati wa chai. Inauzwa, inawekwa kati ya tenki na filta, mafuta yanakwenda mbele tu hayarudi. Inafanya kazi? Mara nyingi, kwa muda. Siipendi. Hewa inaendelea kuingia palepale ilipokuwa ikiingia, na pampu ya rotari haina oili yake, inalainishwa na dizeli yenyewe. Mapovu yanayopita humo mchana kutwa yanaila polepole. Umenyamazisha mtoto, njaa iko palepale. Mtu aliyeko safarini Makambako usiku, aiweke afike nyumbani. Akifika, atafute tundu.

Haraka haraka juu ya mikono na macho yenu. Asubuhi gari likigoma, usipige stata zaidi ya sekunde 15 mfululizo, ipumzishe, itaungua na hapo utakuwa na magonjwa mawili. Usiweke kitambaa chenye petroli kwenye njia ya hewa, wala usipulize dawa ya kuwashia kwenye injini yenye hita plagi: nimeona ringi zilizovunjika, na nimeona nyusi zilizoungua. Ukilegeza nati za nozeli kutoa upepo, vidole mbali na pale panaporuka, presha ile inapenya ngozi. Na anayeingia chini kukagua bomba la shasi aweke stendi. Jeki peke yake sio stendi.

Land Rover za Tdi zina pampu yao ya kunyanyulia mafuta pembeni mwa injini, na hizi injini mpya zaidi za Toyota, D4D za komoni reli, zina mambo yake, nazo mwalimu wenu anazijua kuliko mimi.

Basi, naona mlinzi ananitazama, anataka lile pikapu litoke njiani. Lililala pale tangu jana saa kumi na mbili jioni, pua juu, na tenki lina robo. Jana nililegeza kiungo kimoja. Sisemi kipi, na ni kikavu. Ninyi wawili mliokuwa mnasinzia pale kona, mmoja akae kwenye usukani, mwingine kwenye pampu ya mkono, ila asiibonyeze mpaka niseme. Wengine wote twendeni nyuma, tusimame kwenye ekzosi, na mtu asizungumze stata itakapoanza.